Ardhi Isiyo Ardhi: Istilahi za Umeme katika Kigari cha Pikipiki

1. Utangulizi

Istilahi huundwa ili kumwongoza anayejifunza. Hata hivyo, yako maneno ambayo, ingawa yanafaa mahali yalipotoka, humpoteza njia fundi anayeyahamishia mahali pengine. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa mfano mmoja: ufungaji wa nyaya na taa katika kigari kinachoambatishwa ubavuni mwa pikipiki. Mfano umewekwa katika miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, ambako pikipiki ni chombo cha kila siku cha abiria na mizigo, na ambako fundi wa jua kali humfunza mwanagenzi kwa mkono na kwa maneno, si kwa kitabu.

2. Haja ya Taa

Miji hii iko karibu na Ikweta; mstari wenyewe unapita Nanyuki. Giza huingia karibu saa moja usiku mwaka mzima, wala machweo hayakawii. Nyakati za masika na vuli huongezeka mvua na ukungu wa mlimani.

Kwa kuwa nchini Kenya vyombo hushika kushoto, kigari nacho hufungwa upande wa kushoto. Taa moja ya nyuma ya pikipiki humwarifu dereva anayeifuata kwamba chombo kilicho mbele yake ni chembamba. Anayeketi katika kigari kisicho na taa, pamoja na mtembea kwa miguu kando ya barabara, ndio wanaolipa gharama ya kosa hilo. Aidha, kigari huificha ishara ya kushoto ya pikipiki. Basi ukingo wa nje wa kigari wahitaji taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, taa ya breki, na taa za ishara. Hizi za ishara yafaa zihamishwe kutoka kwenye pikipiki. Zikiongezwa tu, mzigo wa umeme huzidi na kasi ya kumetameta yaweza kubadilika.

3. Nyaya Nne

Nyaya tatu hupeleka umeme: mmoja kwa taa ndogo za mbele na nyuma, mmoja kwa taa ya breki, na mmoja kwa ishara. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa hulishwa moja kwa moja na jenereta, nayo hufifia injini inapopunguza mwendo. Kwa hiyo taa za kigari zafaa kulishwa upande wa betri, kupitia fyuzi yake. Mzigo si mkubwa. Taa mbili za wati 5 na ya breki ya wati 21 hufanya wati 31, yaani takriban ampea 2.6 kwa betri ya volti 12.

Waya wa nne ndio wenye utata. Katika pikipiki, umeme uliokwisha kuwasha taa hurudi kwenye ncha hasi ya betri kwa kupitia chuma cha fremu. Kigari hushikanishwa na fremu hiyo kwa bolti, na penye bolti pana rangi, kutu na unyevu. Njia ya kurudi ikiziba, umeme hujipenyeza katika balbu nyingine: breki hukanyagwa, na taa isiyohusika ikamulika kwa unyonge. Dawa ni waya maalumu utokao katika taa za kigari hadi ncha hasi ya betri.

4. Maneno Matatu

Kwa nini mwanagenzi huweza kuusahau waya huu? Sababu moja imo katika maneno yenyewe. *Umeme* ni jina la kimulimuli cha radi, kinachoshuka na kuishia ardhini. *Mkondo* ni wa maji, nao huenda bila kurejea. *Ardhi*, tafsiri ya neno la Kiingereza, hukamilisha picha hiyo: kitu kimefika mwisho wake. Picha zote tatu zaeleza kwenda. Hakuna hata moja inayoeleza kurudi.

Tena, ardhi ina kazi nyingine nyumbani. Katika nyumba ya mjini Nyeri, waya wa ardhi huzamishwa udongoni kwa ajili ya usalama. Mambo yakiwa sawa haupitishi umeme, na taa huwaka hata usipokuwapo. Katika pikipiki iliyo juu ya magurudumu ya mpira, waya unaoitwa kwa jina hilohilo hupitisha umeme wote wa taa kila zinapowaka. Aliyejifunza kwanza kazi ya nyumba ana sababu ya kudhani kuwa waya huo ni wa ziada.

Kijerumani hutenga dhana hizi mbili: *Erde* ni ardhi ya udongoni, na *Masse* ni chuma cha chombo. Kifaransa nacho kina *terre* na *masse*.

5. Hitimisho

Kiswahili hakikosi nyenzo. Neno *mzunguko* tayari lina maana ya kutoka na kurejea. Ikiwa *waya wa ardhi* utaachiwa nyumba, na chombo kipewe *waya wa kurudi*, mwanagenzi atakuwa ameambiwa kazi ya waya kwa kutajiwa jina lake. Hapo istilahi itakuwa imefundisha, na kigari kitaonekana gizani.