Kurekebisha Katiba ya Chama: Sheria na Lugha katika Mfano wa Ganze

Makala hii inanuia kueleza jinsi chama kisichotafuta faida kinavyorekebisha katiba yake, na nafasi ya lugha katika kazi hiyo. Mfano wetu ni vyama vya jamii za misitu vya eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi, ambako wakazi wa Sokoke ni majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wakazi wa kandokando ya misitu kuunda vyama na kushiriki katika usimamizi wa misitu hiyo. Ile ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake iliendeleza utaratibu huo. Vyama vya namna hii huandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Jedwali la sheria hiyo linataka katiba ya kila chama itaje, pamoja na mengine, akidi ya mikutano mikuu, utunzaji wa fedha na namna katiba yenyewe itakavyorekebishwa.

Kwa kawaida, pendekezo huandikwa, wanachama hupewa ilani, mkutano mkuu hujadili, kisha kura hupigwa. Hata hivyo, kura hiyo si mwisho wa safari. Kifungu cha 20 kinakataza chama kurekebisha jina au katiba yake bila idhini ya Msajili wa Vyama iliyotangulia, tena ya maandishi. Ombi la idhini hutiwa saini na maafisa watatu wa chama. Kwa hiyo, viongozi wanaoanza kutumia kifungu kipya jioni ya siku ya kura huwa wamekwenda kinyume cha sheria, hata kama wanachama wote waliunga mkono.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Tuchukulie chama chenye wanachama 90 na akidi ya nusu yao. Katiba ikisema tu kwamba marekebisho yatapitishwa na "thuluthi mbili ya wanachama", je, ni wanachama wote au waliohudhuria? Wakihudhuria 45, tafsiri ya kwanza inadai kura 60, jambo lisilowezekana katika mkutano huo. Ya pili inadai 30 tu. Katika nchi kavu kama Ganze, ambako ukame huwatawanya watu kutafuta maji na malisho, tofauti hiyo yaweza kuamua nani anaongoza chama.

Vivyo hivyo, hundi inayotiwa saini na "mwenyekiti na mweka hazina" si sawa na ile ya "mwenyekiti au mweka hazina". Silabi moja ndiyo kufuli ya sanduku la fedha.

Aidha, katiba nyingi za vyama huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mijadala huendeshwa kwa Kigiriama, Kikauma au Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hivyo basi, mswada wa marekebisho usomwe kwa Kiswahili sanifu kabla ya kura, na maneno kama akidi, azimio na thuluthi yafafanuliwe. Mwanachama asiyeelewa anachokipigia kura hajarekebisha katiba, amerekebishiwa.