Ganzi ya Meno: Kiswahili Baina ya Tabibu wa Kinywa na Mgonjwa

Mtu alaye embe bichi au ukwaju husema kwamba meno yake yameingia ganzi. Maana yake ni kwamba meno yamekuwa mepesi kuhisi: hewa ikipita yanashtuka, maji baridi yakiyagusa yanachoma. Mtu huyohuyo akifika kwa tabibu wa meno huambiwa kuwa atadungwa sindano ya ganzi, na hapo neno lina maana iliyo kinyume, yaani jino halitahisi maumivu. Katika maisha ya kila siku wazungumzaji hawatatizwi na jambo hilo, kwa kuwa muktadha huwaongoza. Ndani ya chumba cha matibabu, ambamo mmoja ana hofu na mwingine ana haraka, muktadha hautoshi. Mgonjwa akisema "Jino langu lina ganzi", tabibu aliyesomea fani yake kwa Kiingereza aweza kudhani anaelezwa habari ya neva iliyopoteza hisia, ilhali anaelezwa habari ya jino lililolika gamba lake la nje, au ya ufizi uliorudi nyuma ukaacha shina la jino wazi. Magonjwa hayo ni mbalimbali, na tiba zake pia.

Aghalabu wanaisimu wanapojadili Kiswahili cha tiba huanza na istilahi. Hilo lina sababu zake: tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lianzishwe mwaka 1967, kazi kubwa nchini Tanzania imekuwa kutafuta maneno ya dhana mpya, na wanafunzi wa udaktari wameendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, maneno kama enameli, dentini na bakteria hayampotoshi mgonjwa. Asiyeyajua huuliza, au walau hujijua kuwa hakuelewa. Maneno yanayopotosha ni yale ambayo pande zote mbili zinayajua.

Chukua neno mdudu. Imani kwamba jino hutobolewa na mdudu anayelila kwa ndani ni kongwe na imeenea katika jamii nyingi za ulimwengu, Waswahili wakiwamo. Elimu ya afya ilipokuja ikahitaji neno la viumbe wasioonekana kwa macho, nayo ikatumia "wadudu". Kwa hiyo mtumishi wa afya asemapo "wadudu wameharibu jino", yeye humaanisha bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha gamba la jino kidogokidogo. Msikilizaji naye husikia akithibitishiwa habari ya yule mdudu wa zamani. Matokeo yake si madogo. Ikiwa mdudu ni mmoja na yumo tundunimo, dawa ni kumtoa au kumng'oa pamoja na jino. Chai yenye sukari mara tano kwa siku haina hatia yoyote. Inafaa tabibu aseme asidi, au kwa lugha nyepesi, uchachu unaotokana na sukari iliyoganda menoni. Mswahili anaujua uchachu na anajua unavyoweza kula hata chuma.

Picha nyingine iliyomo katika lugha ni ile ya mmea. Meno huota, yana mizizi, hung'olewa. Kitenzi ng'oa kimekamilika na kinaeleweka kwa wote, na kwa miongo mingi kung'oa ndiyo huduma iliyotolewa zaidi katika vituo vya afya. Kuliokoa jino hakuna kitenzi chenye nguvu ya namna hiyo. Kuziba kunaahidi kufunga tundu, ilhali mgonjwa anaona kwanza linapanuliwa kwa mashine, kwani sehemu iliyooza sharti iondolewe kabla ya kujazwa. Asipoelezwa mapema, huona amedanganywa. Kutibu mzizi nako hutisha, kwa sababu mzizi ndio uhai wa mti. Lakini picha ileile yaweza kutumiwa kwa faida: mkulima hang'oi mwembe kwa sababu ya tawi moja lililooza, na huutazama udongo kabla ya kuulaumu mti. Ufizi ndio udongo wa jino.

Yapo majina yaliyoua. Kuanzia miaka ya 1980 lilisikika sana nchini Tanzania jina "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anapopata homa na kuhara, wazazi huchungulia kinywani na kuona vivimbe vyeupe kwenye ufizi, mahali ambapo chonge za utotoni zitatokeza. Vivimbe hivyo ni vya kawaida. Jina, hata hivyo, lilikwisha kuvipa asili ya kigeni: plastiki si mwili, na kisicho cha mwili hutolewa. Machipukizi ya meno yalichimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Watoto walivuja damu, waliambukizwa, na wengine walikufa, huku kuhara kwenyewe kukiachwa bila tiba. Kumjibu mama kwamba "hakuna meno ya plastiki" ni kumwita mwongo, kwa maana yeye ameyaona. Jibu lenye manufaa humwonyesha kivimbe kilekile, humwambia kuwa hiyo ni chonge ya mwanawe inayojiandaa kuota, kisha hugeukia maji ambayo mtoto anayapoteza. Nyanya aliyefuatana nao asisahauliwe, maana mara nyingi uamuzi ni wake.

Sarufi nayo ina mitego. Tabibu huuliza: "Hujawahi kudhuriwa na sindano ya ganzi?" Mgonjwa hujibu: "Ndiyo." Katika Kiswahili jibu hilo lakubaliana na kauli ya muulizaji, yaani, ndiyo, sijawahi. Anayefikiri kwa sarufi ya Kiingereza aweza kuandika kinyume chake. Pia iko "ndiyo" ya adabu, ambayo mdogo humpa mkubwa ili kuonyesha kwamba anasikiliza, si kwamba ameafiki. Swali lisilo na mtego ni "Ni dawa gani iliwahi kukudhuru?"

Baada ya sindano, ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi hisia ya kusukumwa. Mgonjwa asiyejua tofauti hiyo husema "nasikia", naye husemwa kuwa ni mwoga. Tena kitenzi uma kina kazi mbili: jino linauma, na "uma pamba" ili damu igande. Swali "Linauma ukiuma?" linaeleweka, bali lahitaji kutamkwa polepole.

Kumtaka mgonjwa arudie alichoambiwa ni njia inayojulikana ya kupima uelewa, ila ikifanywa kwa ukavu hugeuka mtihani, na mtu mzima hapendi kutahiniwa mbele ya watoto wake. Uungwana huitaka lawama ibaki kwa tabibu: "Mama, nyumbani wakikuuliza leo tumefanya nini, utawaambiaje, ili nijue kama nimeeleza vizuri?" Akijibu kwamba mdudu ametolewa, tabibu anajua kuwa habari ya sukari haijafika, na kwamba itambidi aanze tena kabla jino la pili halijatoboka.