Umetumiwa Linki ya Kazi? Hivi Ndivyo Utajua Nani Anaisambaza

Buda, hii umeiona. Linki imetua kwa grupu ya WhatsApp, eti wafanyakazi 300 wanatakikana haraka, na mwisho wa fomu unaitishwa soo tano ya usajili. Kabla utume hiyo ganji, cheki kwanza nani mwingine anaiposti na ameanza lini.

Anzia X. Pale pa kutafuta, andika url: halafu ubandike anwani bila nafasi katikati. Jaribu na url:ecitizen.go.ke uone vile inafanya. Hapo inasaka linki yenyewe, si maneno ya posti. Ingia Latest, juu Top inakupea zile ziko na laiki mob tu. Ukitaka kurudi nyuma ongeza tarehe, kama until:2025-03-01, usonge hivyo hadi ufike posti ya kwanza.

Anwani isafishe kwanza. Toa https:// na ule mkia wa kuanzia alama ya ?, zile utm na fbclid, hiyo ni ya kufuatilia watu. Isipokuwa tovuti zingine, kama YouTube: huko zile herufi 11 baada ya v= ndizo video yenyewe, ukizikata umepoteza. Na kama ni bit.ly, weka + mwisho wake. Itakuonyesha inaelekea wapi kabla ufike.

Sasa kazi ni kusoma. Akaunti kumi, maneno yale yale, zote zimefunguliwa mwezi huu? Manze, hiyo ni mbogi moja ya wakora. Pitia majibu pia, mwenye ameshalambwa hulia hapo chini. Ukikosa kitu, usiseme linki ni safi. Pengine imeanza leo asubuhi.

Reddit unaenda reddit.com/domain/ kisha jina la tovuti. Bluesky ni domain: na jina la tovuti. Facebook ndio ngumu: CrowdTangle, ilikuwa inaonyesha kurasa zenye zimeshare linki, Meta waliifunga Agosti 2024.

WhatsApp nayo imefungwa kabisa, grupu za wenyewe huwezi chungulia. Lakini kwa simu yako, andika hiyo anwani pale pa kutafuta, utaona nani aliileta kwanza kwa grupu zako. Muulize kama yeye aliipata hiyo kazi.