Kufundisha Somo la Sauti: Jinsi Kinanda cha Kidijitali Kinavyoiga Piano

Mwalimu wa shule ya msingi huko Tabora, Nzega au Urambo huenda hana piano, wala hatarajii kuipata. Hata hivyo wengi wa wanafunzi wake wamekwisha kuisikia sauti yake kanisani, redioni au katika simu, na mara nyingi sauti hiyo haikutoka katika nyuzi bali katika kinanda cha kidijitali. Mwanafunzi akiuliza, "Mbona hakina nyuzi, nacho chalia kama chenye nyuzi?" haifai kumjibu kwamba hayo ni mambo ya mitambo tu. Jibu la namna hiyo humfundisha mtoto kuacha kuuliza. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi swali hilo linavyoweza kujibiwa kwa ubao, chaki na vitu vya kijijini.

Piano hulia vipi?

Piano ya kawaida ina vibonyezo 88 na nyuzi za chuma zipatazo 230. Kibonyezo kikibonyezwa, nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa hupiga uzi. Uzi hutetema, na ubao mpana wa sauti huupokea mtetemo huo na kuusambaza hewani. Kazi ya ubao huo yafanana na ya kibuyu cha zeze.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, mlio huanza kwa kishindo, kisha hufifia polepole. Pili, pigo la nguvu haliongezi ukubwa wa sauti tu, bali huifanya iwe kali zaidi. Tatu, pedali ya kulia ikikanyagwa, nyuzi zote huachwa huru, na baadhi ya zile zisizopigwa huvuma kwa kuziitikia zilizopigwa. Chombo kinachotaka kuiga piano hakina budi kuyaiga yote matatu.

Sauti hugeuzwaje kuwa tarakimu?

Hapa ndipo wanafunzi hukwama, na ndipo mwalimu anapopaswa kuanza na linalojulikana. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea Ujiji. Burton na Speke, walioondoka pwani mwaka 1857, walitumia zaidi ya miezi minne kufika Kazeh, mahali palipo Tabora.

Mwalimu achore ubaoni njia yenye kona nyingi, aweke nukta mahali pa kila kambi, kisha aifute njia na kuziacha nukta. Mwanafunzi mmoja aitwe aziunganishe. Nukta zikiwa chache, kona hupotea; zikiwa nyingi, njia hurudi karibu kama ilivyokuwa.

Ndivyo sauti inavyohifadhiwa. Maikrofoni huugeuza mtetemo kuwa umeme, na chombo huupima umeme huo na kuandika tarakimu. Katika sahani za CD hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Sababu ni kwamba sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kanuni yataka vipimo vizidi mara mbili ya idadi hiyo. Tarakimu zikigeuzwa tena kuwa umeme na kupelekwa katika spika, sauti hurudi.

Kutoka sampuli hadi ala

Watengenezaji hurekodi piano halisi, mlio baada ya mlio, kwa mapigo laini, ya wastani na ya nguvu. Rekodi hizo fupi huitwa sampuli. Chini ya kila kibonyezo mna vihisi viwili au vitatu. Kibonyezo kikishuka hugusa cha kwanza, kisha cha pili. Muda kati ya miguso hiyo ukiwa mfupi, chombo hutambua kwamba pigo lilikuwa la nguvu na kuchagua sampuli ipasayo. Mvumo wa nyuzi zinazoitikiana huweza kuongezwa kwa hesabu. Ala iitwayo Kurzweil 250, ya mwaka 1984, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuiga piano kubwa kwa namna ya kusadikisha. Vyombo vingine vya baadaye havitumii sampuli, bali hukokotoa papo hapo mwendo wa nyundo, uzi na ubao.

Faida yake ni nyepesi kuieleza Unyamwezini. Piano ya kusimama aghalabu huzidi kilo 200, na pagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Kinanda cha kidijitali cha kubebeka huwa na kilo 12 hivi. Lakini umeme ukikosekana hunyamaza, hali zeze huendelea kulia.

Zoezi la darasani

Mwalimu anyooshe waya mbili nyembamba juu ya sanduku tupu la mbao, azikaze mpaka zitoe mlio mmoja. Aweke kipande chepesi cha karatasi iliyokunjwa juu ya waya ya pili, kisha aipige ya kwanza. Zikiwa zimelingana barabara, karatasi hutikisika. Baadaye wanafunzi wapige kwa upole, kisha kwa nguvu, waeleze kwa maneno yao tofauti wanayoisikia.

Mwisho, wajadili swali hili: tukitaka kinanda kilie kama zeze la babu, tutarekodi nini? Watataja kila mlio, kila pigo na mvumo wa kibuyu. Wakifika hapo watakuwa wamekwisha kuielewa sampuli. Watatambua pia kwamba kisichorekodiwa mzee angali hai hakitapatikana katika chombo chochote.