Jinsi miji ya Marekani inavyogawa fedha za kuimarisha mitaa ya wanyonge

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, katika miji zaidi ya elfu moja nchini Marekani, wakazi huketi katika kumbi za mabaraza na kubishana kuhusu jambo ambalo msomaji wa Nairobi, Mombasa au Kisumu angelielewa bila kufafanuliwa. Fedha zimefika kutoka serikali kuu, lakini hazitoshi. Je, zitumike kuziba mashimo ya barabara, kukarabati paa la nyumba ya mjane mzee, au kuwalipa walimu wa kuwatunza watoto baada ya masomo wazazi wakiwa kazini?

Fedha zinazozua mjadala huo hutoka katika mpango unaofahamika kwa kifupi kama CDBG, yaani ruzuku ya jumla ya maendeleo ya jamii. Mpango huu husimamiwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji iliyoko Washington, na mwaka wa 2024 ulitengewa takriban dola bilioni 3.3.

Kabla ya kuanzishwa kwake, mji uliotaka msaada wa serikali kuu ulilazimika kuomba fedha za kila shughuli kando: za kubomoa majengo chakavu kivyake, za maji na majitaka kivyake, na za bustani za umma kivyake. Maafisa wa Washington ndio waliokuwa na kauli ya mwisho. Meya aliyejua kuandika maombi vizuri alipata. Asiyejua alikosa, hata kama watu wake walikuwa maskini zaidi.

Hali hiyo ilibadilika Agosti 22, 1974, Rais Gerald Ford alipotia saini sheria ya nyumba na maendeleo ya jamii, majuma mawili tu baada ya kushika hatamu za uongozi. Sheria hiyo iliunganisha mifuko kadhaa kuwa mmoja. Tangu hapo serikali kuu hutoa fedha na kuweka masharti, nao mji huamua wenyewe zitakwenda mtaa gani na kufanya kazi gani.

Hesabu hufanywaje?

Mji haupati mgao kwa hisani ya mwanasiasa bali kwa hesabu iliyowekwa kisheria. Asilimia 70 ya fedha hizo huenda moja kwa moja kwa miji na kaunti kubwa. Asilimia 30 inayosalia hupewa majimbo ili yagawie miji midogo na maeneo ya mashambani. Ili kupokea moja kwa moja, mji sharti uwe mkuu katika eneo lake, au uwe na watu wasiopungua 50,000. Kaunti nayo hutakiwa kuwa na watu wasiopungua 200,000, bila kuhesabu wale wa miji inayopokea mgao wake yenyewe.

Kuna njia mbili za kupiga hesabu. Ya kwanza hutazama mambo matatu: idadi ya watu (asilimia 25), umaskini (asilimia 50) na msongamano wa watu katika nyumba (asilimia 25). Ya pili, iliyoongezwa mwaka wa 1977, hutazama umaskini (asilimia 30), kudorora kwa ongezeko la watu (asilimia 20), na wingi wa nyumba zilizojengwa kabla ya 1940 (asilimia 50). Wizara hupiga hesabu kwa njia zote mbili, kisha huupa mji kiasi kilicho kikubwa zaidi. Hatimaye viwango vyote hupunguzwa kwa uwiano ili jumla isipite fedha zilizoidhinishwa na Bunge.

Njia ya pili ilinuiwa kuisaidia miji mikongwe ya viwanda ya kaskazini mashariki na ya eneo la maziwa makuu ya nchi hiyo, ambako viwanda vilifungwa na watu wakahama huku nyumba zikichakaa. Hata hivyo, imekosolewa kwa muda mrefu. Nyumba kuukuu si lazima iwe ya maskini. Kuna vitongoji vya matajiri vyenye majumba ya kale yaliyotunzwa vyema, na majumba hayo huhesabiwa sawa na yale yanayobomoka katika mitaa ya walalahoi.

Masharti ya matumizi

Fedha zikishafika, mji hauko huru kuzitumia upendavyo. Kila mradi sharti utimize walau lengo moja kati ya matatu: kuwafaidi watu wa kipato cha chini na cha wastani, kuzuia au kuondoa uchakavu wa mitaa, au kukabili dharura inayotishia afya na usalama wa wakazi. La kwanza ndilo lenye uzito zaidi, kwani angalau asilimia 70 ya fedha lazima ziwafaidi watu wa tabaka hilo.

Mtu wa tabaka hilo hupimwa kwa kulinganishwa na majirani wa eneo lake. Ni yule ambaye familia yake haipati zaidi ya asilimia 80 ya kipato cha katikati cha eneo hilo. Mathalan, kama kipato hicho cha katikati ni dola 90,000 kwa mwaka, familia inayopata dola 72,000 au chini ya hapo huhesabiwa, ingawa idadi ya watu nyumbani pia hutiliwa maanani. Kwa mradi unaofaidi mtaa mzima, kama vile taa za barabarani au mtaro wa maji ya mvua, kwa kawaida asilimia 51 ya wakazi wa mtaa huo sharti wawe wa kundi hilo.

Aidha, sheria hupiga marufuku baadhi ya matumizi. Fedha hizi haziwezi kujenga makao makuu ya serikali ya mji, kugharamia shughuli zake za kawaida, wala kufadhili siasa. Kwa jumla haziruhusiwi pia kujenga nyumba mpya za kuishi, ijapokuwa zinaweza kukarabati zilizopo, kununua ardhi na kusaidia biashara zinazoajiri watu wa kipato cha chini.

Kuna pia vikomo viwili ambavyo ndivyo chanzo cha mivutano mingi. Huduma kwa jamii, kama vile chakula kwa wazee, malezi ya watoto na makao ya wasio na nyumba, haziwezi kuchukua zaidi ya asilimia 15 ya ruzuku. Mipango na usimamizi havipaswi kupita asilimia 20.

Tuchukue mfano wa mji wa kubuni unaopokea dola milioni mbili. Usimamizi unaweza kuchukua hadi dola 400,000. Huduma kwa jamii haziwezi kuzidi 300,000 hivi. Dola milioni 1.3 zinazobaki ni za barabara, mitaro, bustani, vituo vya jamii na ukarabati wa nyumba. Endapo mashirika 20 ya huduma yataomba dola 50,000 kila moja, jumla itakuwa dola milioni moja, ilhali fungu lao ni chini ya thuluthi ya hizo. Kwa hiyo mji hulazimika ama kuwapa wachache fedha za kutosha, ama kuwagawia wote vijisehemu visivyoweza hata kumlipa mfanyakazi mmoja.

Nafasi ya mwananchi

Ni hapa ambapo sauti ya mkazi huhitajika. Sheria huutaka mji uandae mpango mkuu wa miaka mitatu hadi mitano, na kila mwaka uandae mpango wa utekelezaji unaotaja miradi na kiasi cha fedha. Mji hupaswa kufanya vikao visivyopungua viwili vya kusikiliza wananchi kila mwaka, na kuwapa siku 30 za kusoma rasimu na kutoa maoni. Palipo na wakazi wengi wasiojua Kiingereza, mji hutakiwa kueleza jinsi mahitaji yao yatakavyotimizwa katika vikao hivyo.

Katika miji mingi, maombi hupitiwa kwanza na maafisa au kamati ya wananchi wa kujitolea, ambao huyapa alama na kutoa mapendekezo. Kisha madiwani hupiga kura. Mpango huwasilishwa kwa wizara angalau siku 45 kabla ya mwaka wa mradi kuanza. Mwaka ukiisha, mji huwa na siku 90 za kuandaa ripoti ya jinsi kila dola ilivyotumika, na wananchi huruhusiwa kuikosoa kabla haijapelekwa.

Mji unaokalia fedha nao huchunguzwa. Siku 60 kabla ya mwaka wa mradi kumalizika, haupaswi kuwa na akiba inayozidi mara moja na nusu ya mgao wake wa mwaka.

Hata hivyo, udhaifu haukosi. Wanaofika katika vikao mara nyingi ni wawakilishi wa mashirika yanayoomba fedha, wala si mkazi anayefanya kazi mbili na asiye na wa kumwachia watoto jioni. Madiwani nao huvutia kila mmoja upande wa eneo lake. Matokeo yake ni kwamba fedha ambazo zingebadilisha mtaa mmoja hutawanywa kote na kuacha alama ndogo kila mahali.

Udhaifu mwingine ni wa ahadi zisizotekelezwa. Kila anayepokea ruzuku hii hutia saini kuthibitisha kwamba anapigana na ubaguzi katika makazi. Kaunti ya Westchester, jirani ya jiji la New York, ilishtakiwa mwaka wa 2006 kwa madai kwamba ilitoa thibitisho hilo huku ikifumbia macho ubaguzi wa rangi katika vitongoji vyake. Februari 2009 jaji aliamua kwamba thibitisho hizo zilikuwa za uongo, na Agosti mwaka huo kaunti ikakubali mapatano ya dola milioni 62.5, sehemu kubwa ikiwa ya kujenga nyumba 750 za bei nafuu. Kesi hiyo iliwafunza maafisa wengi kwamba saini katika fomu ya ruzuku si mapambo.

Juu ya hayo, fungu lenyewe limenywea. Mwaka wa 1975 mpango ulikuwa na takriban dola bilioni 2.4 za kugawiwa miji na kaunti zipatazo 600. Leo wapokeaji hao ni zaidi ya 1,200, ilhali ongezeko la fedha halijalingana na kupanda kwa bei kwa nusu karne. Mwaka wa 2017, na tena 2025, serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza mpango huu ufutwe kabisa ikidai haufikii maskini ipasavyo. Mara ya kwanza Bunge lilikataa na badala yake likauongezea fedha mwaka wa 2018.

Funzo kwa Wakenya

Mambo haya si mageni hapa nchini. Chini ya sheria ya 1998, mabaraza ya miji na wilaya yalikuwa yakipokea asilimia tano ya kodi ya mapato kupitia hazina ya LATF, na baadaye yakatakiwa kuwashirikisha wakazi katika kuchagua miradi kupitia mpango wa LASDAP. Mfumo huo ulizikwa pamoja na mabaraza yenyewe, serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Sasa Katiba ya 2010 inazihakikishia kaunti kwa pamoja kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Nasi pia tumeonja uchungu wa hesabu za mgao. Mwaka wa 2020 Seneti ilivutana kwa majuma mengi kuhusu uzito wa idadi ya watu, wengine wakidai fedha zifuate vichwa, wengine wakisema kaunti kubwa zenye watu wachache zingeumia. Wamarekani walikwepa sehemu ya mgogoro wa aina hiyo kwa kuwa na njia mbili na kuupa kila mji ile inayoufaa zaidi. Lakini kama tulivyoona, hata dawa hiyo ina madhara yake.

Yapo mambo ambayo mkazi wa kaunti anaweza kuyaiga bila kusubiri sheria mpya. Katiba yetu, katika kifungu cha 201, inataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Taarifa ya mkakati wa fedha ya kaunti hupaswa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Anayejitokeza Juni kulalamika kwamba mtaa wake umesahauliwa huwa amechelewa, kwa kuwa mafungu makuu yalikwisha kuamuliwa miezi minne iliyotangulia.

Na kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia miji ya Marekani, wawe Wakenya, Wakongo au Warundi, milango ya vikao hivyo iko wazi kwa mkazi yeyote. Vilevile, hesabu ya umaskini na msongamano huanzia kwa watu waliohesabiwa katika sensa. Familia inayojificha karani wa sensa anapobisha hodi huunyima mtaa wake sehemu ya mgao, na hata mzungumzaji hodari kikaoni hawezi kuirudisha.