Kamati ya Shule na Lugha ya Darasa la Awali: Mfano wa Terrat, Arusha

Kamati ya shule ni chombo cha kisheria. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliagiza kila shule ya msingi iwe nayo, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ukaiongezea kazi ya kupanga na kusimamia fedha za shule. Kumwajiri mwalimu hakumo katika uwezo wake. Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba, juu ya ubora wa elimu ya awali, kamati haina la kufanya zaidi ya kujenga. Nadhani wanakosea, na kata ya Terrat, pembezoni mwa jiji la Arusha, yaonyesha kosa liko wapi.

Wenyeji wa Terrat ni Waarusha, wasemao Kimaa. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo aingiapo darasa la awali, hukuta Kiswahili, ndicho lugha ya kufundishia kwa mujibu wa sera. Umbali wa lugha hizi si mdogo. Kimaa hutenga nomino kwa jinsi, ya kiume na ya kike, kwa viambishi ol- na en-. Kiswahili huzipanga kwa ngeli, bila kujali jinsi. Katika Kimaa kidatu cha sauti hubadili maana. Kiswahili hutegemea mkazo, nao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tena f, v na z si fonimu za Kimaa. Basi mtoto akikwama kwa “fagia” au “zima” si mzito wa akili: anajifunza sauti na neno kwa wakati mmoja. Mwalimu asiyelijua hilo humwandika kuwa hajui kuhesabu, ilhali enkerai huyo jioni huwahesabu mbuzi wa babaye wote, kwa Kimaa.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hata katika elimu ya awali, na tangu Januari 2016 madarasa yakafurika. Ajenda za kamati nazo zikajaa madawati, matundu ya vyoo na uji. Hayo ni ya lazima, sina ubishi. Lakini mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, na ndiye agawaye vipindi; wajumbe waweza kumwuliza uso kwa uso, bila kuvunja sheria wala kutumia hata senti moja: katika walimu wetu, ni nani asikiaye Kimaa, naye amepewa darasa gani? Mara nyingi hodari huwekwa darasa la saba, kwa ajili ya mtihani.