Dozi moja dhidi ya vikope

Itigi, mji wa Reli ya Kati kati ya Manyoni na Tabora, umo katika ukanda mkavu ambako maji ya kunawa uso si ya kumwaga ovyo. Katika mazingira hayo ndipo vikope, yaani trakoma, hustawi. Inzi na vidole hubeba bakteria kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine. Maambukizi yakijirudia kwa miaka, kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza mboni hadi mtu apofuke.

Dawa yake ni azithromaisini, ya kundi la makrolaidi. Kundi hili lilianza na erithromaisini, iliyopatikana mwaka 1952 kutokana na udongo wa Iloilo, Ufilipino. Ndani ya bakteria mna viwanda vidogo vya protini, ribosomu. Makrolaidi huziba mlango wa kutolea bidhaa. Bila protini, bakteria hazizaliani. Ribosomu za binadamu zina umbo tofauti, kwa hiyo husalimika.

Azithromaisini hukaa mwilini siku kadhaa, ndiyo maana dozi moja hutosha. Kwenye kampeni za kugawa dawa, mtoto hupimwa urefu kwa ufito badala ya mizani. Mbinu rahisi, lakini ya akili sana! Watoto chini ya miezi 6 hupakwa mafuta ya tetrasaikilini machoni.

Kundi hilohilo hutibu nimonia, kifaduro na klamidia, na huwafaa wenye mzio wa penisilini. Mafua, ambayo ni ya virusi, hayaguswi nalo. Kope zilizokwisha kujikunja nazo huhitaji upasuaji.